Sifuri ya Bi Mwanamvua

Zaina alinipigia simu asubuhi nikiwa nachuja chai jikoni kwangu Korogwe. Akaniamkia, akaniambia Bi Mwanamvua amefariki alfajiri na watazika baada ya swala ya adhuhuri. Nilimpa pole, akaipokea, kisha akasema, "Mtani, usichelewe. Usipokuja wewe, nani atakaa mlangoni?" Nikamwambia nakuja. Chai sikuinywa tena. Kabla ya kutafuta kanzu nilikwenda kulivuta sanduku la bati chini ya kitanda, lile lililonifuata katika kila kituo cha kazi nilichopelekwa, nikapekua makaratasi mpaka nikaipata fomu ya nyumba ya Bi Mwanamvua. Ni nakala ya kaboni, wino wake umefifia, lakini majibu yote yanasomeka. Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Nina zaidi ya miaka sabini sasa na watu wananiheshimu kuliko ninavyostahili, na sehemu kubwa ya heshima hiyo inaanzia kwenye karatasi hiyo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa daktari tayari, na chuo kilikuwa kimenipa mwaka mmoja wa kukusanya habari za tasnifu ya shahada ya pili ya afya ya jamii. Watu walikuwa ndio kwanza wamehamishwa kutoka mashambani mwao walikotawanyika na kuwekwa katika vijiji vipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama wanafunzi wa mchakamchaka. Mimi nilitakiwa kulinganisha vijiji viwili, kimoja upande wa Kwedizinga huko Handeni, cha pili upande wa Mnyuzi karibu na reli, nieleze kama kuishi pamoja kumewaletea watu afya. Jibu lililotarajiwa lilikuwa linajulikana, ingawa hakuna aliyelitamka. Nilikuwa mwerevu wa vitabuni na mjinga wa mambo mengine yote, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Mwenyekiti wa kijiji cha Kwedizinga alinipangia chumba kwa Bi Mwanamvua, mjane wa makamo, mwembamba, mwenye ulimi ambao hata mwenyekiti mwenyewe aliukwepa. Mwanawe wa pekee alikuwa kibarua wa mkonge Mazinde na alirudi mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo nyumbani alibaki yeye na mkwewe Zaina, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, mpole, mwenye mimba changa. Chumba changu kilikuwa cha mbele, na mlango wake ulifungukia nje ili watu wasipate la kusema. Dirisha lake halikuzidi ukubwa wa fomu zangu. Kupitia hapo niliona nyumba ya mbele, na nyuma ya hiyo nyingine iliyofanana nayo, na kipande cha njia ya kwenda lambo, ambako wanawake waliteka maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Kuondoka hakukuwa rahisi. Barua ya ruhusa ya safari iliandikwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa shambani, au mkutanoni, au mhuri umeazimwa. Lori la kwenda Korogwe lilipita lilipotaka. Baada ya mwezi mmoja nilianza kuwaelewa majirani waliokaa jioni barazani wakitaja mashamba yao ya zamani moja moja, mti kwa mti, kwa sauti ya chini ili mwenyekiti asisikie. Walikuwa wamewekwa, na mimi nilikuwa nimewekwa pamoja nao.

Siku ya kutambulishwa, mkutanoni, nilisema jina langu, nikasema nimezaliwa Mnyuzi, kambini kwa vibarua wa mkonge, nikaongeza kwa fahari kwamba kwa asili mimi ni Mnyamwezi. Mkutano wote ukaangua kicheko. Mzee mmoja aliinuka, akanivua kofia, akaivaa yeye, na akaivaa kwa wiki nzima. Nikadhani ndiyo makaribisho yao. Utani wa Wazigua na Wanyamwezi niliujua, lakini niliujua wa kambini, kati ya watu wa kila kabila waliochanganyika mpaka utani ukabaki kuwa kelele za mpirani. Sikujua kwamba hapa una sheria zake, kwamba mtani anaweza kuchukua kuku wako na usimshtaki, anaweza kukutukania marehemu wako na usikasirike, na kwamba kuna mambo ambayo mtani haambiwi kwa namna wanavyoambiwa watu wengine. Hakuna kitabu chuoni kilichokuwa na ukurasa huo.

Fomu ya Bi Mwanamvua niliijaza wiki ya pili, mchana, uani, tukisubiri ugali. Alikuwa anasonga, moshi unamwingia machoni, na Zaina ameketi kwenye mkeka akipembua kunde kwenye ungo. Nikamuuliza kama maji ya kunywa wanachemsha. Akasema wanachemsha mara mbili, ya kwanza kuwaua wadudu, ya pili kuwaomba radhi. Nikaweka alama ya ndiyo. Nikamuuliza kama choo kinatumiwa na wote. Akasema kinatumiwa hata na kuku, tena wanabisha hodi. Nikacheka, nikaweka alama ya ndiyo. Swali la mwisho lilikuwa watoto wangapi wa nyumba hii wamefariki tangu mhamie hapa. Mwiko wake ulisimama kwenye sufuria, kitambo kidogo tu.

"Hakuna," akasema. "Sisi hapa hatufi. Ukiona mtoto hayupo, ujue ameenda kwenu Unyamwezi kuomba ugali."

Zaina aliuweka ungo chini, akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimwona. Nikadhani anakwenda haja, au mimba inamsumbua. Nikaandika sifuri, nzuri, ya mviringo, kisha ugali ukaja na mlenda, tukala. Ndivyo nilivyopita kijiji kizima. Kila nyumba walinikaribisha, walinichekesha, walinilisha, na kila nyumba nikaandika sifuri na kuweka alama za ndiyo. Jioni nilikaa mbele ya dirisha langu nikijumlisha, na nilikuwa na furaha, kwa kuwa matokeo yalikuwa mazuri kupita matumaini ya mtu yeyote. Kupitia ukutani nilimsikia Bi Mwanamvua akimwambia mkwewe kitu kwa Kizigua, polepole, mara nyingi, kama mtu anayembembeleza mtoto. Kizigua sikukijua. Niliendelea kujumlisha.

Muhtasari niliupeleka chuoni kwa profesa wangu, na nakala nikaiacha Handeni kwa ofisa wa mipango, aliyeshika wilaya hiyo na ya Korogwe pia, naye aliniomba yeye mwenyewe. Alikuwa ameahidiwa zahanati moja mwaka ule, na vijiji vilivyoililia vilikuwa hivyo viwili vya kwangu, cha pili kikiwa bado sijakifikia. Zahanati maana yake mganga, dawa, na juu ya yote mkunga, ambaye angeanza kazi mara moja katika chumba cha ofisi ya kijiji wakati jengo linaendelea. Ofisa alinieleza hayo kwa furaha. Alisema amechoka kugawa vitu kwa kufuata anayepiga kelele zaidi, safari hii atagawa kwa takwimu.

Nikaenda Mnyuzi kufanya kijiji cha pili. Huko walikaa watoto na wajukuu wa vibarua wa mkonge, wa makabila yote na dini zote, na hakuna aliyenichekesha. Walijibu maswali kwa nyuso za watu wanaojibu maswali. Waliniambia maji hawachemshi, kuni ziko mbali. Walinitajia watoto waliokufa kwa majina na kwa magonjwa, na mama mmoja alinishika mkono nilipokuwa naandika. Nililala kwa baba mdogo Msabaha, aliyekata mkonge miaka mingi mpaka vidole vyake vikakataa kunyooka, na siku moja baada ya chakula cha mchana, kwa kutaka kumfurahisha, nilimsomea majibu ya Kwedizinga. Alicheka mpaka akakohoa. Alicheka ya wadudu kuombwa radhi, akacheka ya kuku na hodi, akaniambia Wazigua hao ni watani wa kweli, siku hizi hawapatikani. Nikamsomea la watoto. Akaacha kucheka.

"Uliwaambia wewe ni Mnyamwezi?"

Nikamwambia ndiyo, mkutanoni.

"Basi hukuambiwa neno moja la kweli. Mtani humwelezi msiba wako huku amekaa na kalamu. Mtani msiba anaukuta msibani. Ungemtuma mtu mwingine yeyote, hata Mhindi, wangemwambia."

Niliketi pale na karatasi zangu na mbaazi zilizopoa. Nakumbuka kwamba jambo la kwanza nililoliwaza halikuwa watoto. Niliwaza tasnifu. Nimelisema hili leo kwa mara ya kwanza, na ningependa kuwa mtu mwingine, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliona mwaka wangu wote umelala kwenye mkeka kwa baba mdogo, na nilitaka kuuokota kabla hajauona mtu.

Niliporudi Kwedizinga nilimkuta Bi Mwanamvua anapukuchua mahindi. Nikamwambia, bibi, lile swali la watoto nataka kulirudia, safari hii bila utani. Akanitania tena. Nikamwomba. Akanitania, lakini mikono yake ilikuwa imeacha kupukuchua. Nikamwambia ukweli wote, kwamba karatasi ile iko kwa ofisa, kwamba ofisa atapeleka mkunga kwenye kijiji chenye vifo, na kwamba kwa karatasi yangu kijiji hiki hakina kifo hata kimoja. Akaliweka hindi chini. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akasema mtoto wa kwanza wa Zaina alikufa masika yaliyopita, ya kwanza tangu wahamie, kwa kuharisha, siku tatu tu.

"Mimi nilitania," akasema. "Wewe ukaandika. Nani alikwambia uandike?"

Akarudi kwenye mahindi yake na hakulitaja tena. Zaina alikuwa mlangoni na tumbo lake limeanza kuonekana. Sote watatu tulijua hesabu: atajifungua masika. Na masika njia ya Handeni hukatwa na korongo.

Nilimwandikia profesa. Niliandika barua hiyo mara nne, na kila mara ilipungua, mpaka iliyokwenda haikusema majibu ni ya uongo, ilisema tu kwamba nina mashaka na baadhi ya majibu ya kijiji cha kwanza. Jibu lilichukua wiki tatu. Aliniandikia kwa upole kwamba matokeo yamewapendeza wengi, kwamba mashaka ni dalili ya mtafiti mzuri, na kwamba nikifuta kijiji kimoja nimefuta ulinganisho wote na nimefuta mwaka. Mwaka mwingine hakuna fedha yake. Aliniachia niamue. Barua hiyo niliisoma chumbani kwangu nikiwa nimesimama, na chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba hata kugeuka ilibidi nikae kitandani kwanza.

Bado nilikuwa na ofisa. Nilimsumbua mwenyekiti mpaka akapata mhuri, nikapanda lori la mahindi kwenda Handeni, nikaketi kwenye benchi nje ya ofisi yake tangu asubuhi nikiyapanga maneno. Yalikuwa maneno machache. Majibu ya Kwedizinga ni utani, bwana, naomba uyatupe. Hayo tu. Aliponiita ndani alinipokea kwa mikono miwili, akamwagiza karani alete chai, akawaambia wageni wawili waliokuwamo kwamba huyu ndiye kijana wetu wa takwimu. Nikanywa chai. Nikasema nilikuwa nataka kuuliza kama uamuzi wa zahanati unaweza kungoja kidogo. Akasema umekwisha kwenda mkoani, zahanati ni ya Mnyuzi, sifuri zangu za Kwedizinga zimesema zenyewe. Akauliza, kuna tatizo? Wageni wakanitazama. Nilijua kwamba uamuzi uliokwenda mkoani unaweza kufuatwa kwa barua nyingine siku hiyo hiyo, maana karani alikuwa pale na taipureta yake ilikuwa pale. Nikasema hapana, hakuna tatizo. Nikamaliza chai, nikashukuru. Nimesema mambo mengi maishani, mbele ya mawaziri na mbele ya wanafunzi, lakini neno langu lililofanya kazi kubwa kuliko yote ni hilo hapana.

Na Mnyuzi nao walistahili mkunga. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na ni kweli, na haijanisaidia.

Masika yalianza mapema. Kwa wiki tano hakuna lori lililopita, na mimi nilikaa chumbani nikiandika sura ya matokeo huku kuta zikitoa jasho. Bi Mwanamvua aliendelea kunipikia, aliendelea kunitania kuhusu ulaji wangu, na hakuna siku aliyonionyesha chuki. Ningeona nafuu kama angenitukana kwa dhati. Uchungu ulimshika Zaina asubuhi moja baada ya chai, na kufikia saa nne nilikwisha jua kwamba mtoto amekaa vibaya. Nilikuwa daktari, lakini mkoba wangu ulikuwa na kipimajoto, vidonge vya malaria na fomu. Wanaume wanne walimbeba kwenye kitanda cha kamba, sisi wengine tukafuata, matope yakivuta viatu, mpaka tukafika korongoni tukakuta maji yamejaa na hakuna njia. Alijifungulia pale ukingoni, wanawake wamemzungushia kanga. Mtoto alikuwa wa kiume. Alipumua. Nilifanya yote niliyojua kwa mikono mitupu, na alipumua mpaka karibu na adhuhuri, kisha akaacha. Zaina aliokoka, lakini hakuzaa tena.

Waliponiita kumzika waliniita kama mtani, yaani nishike jembe. Nikachimba pamoja na wale wanne, nyuma ya kijiji, mahali ambapo nilikuwa napita kila siku kwenda lambo na sikuwahi kuuliza vile vichuguu vidogo vilivyopangwa ni vya nini. Nikavihesabu. Nilipofika tisa nikaacha, nikaendelea kuchimba. Hakuna aliyenitania siku hiyo. Mzee aliyenivua kofia alinipokea jembe, akaniambia pumzika, mwanangu.

Tasnifu ilipita kwa sifa. Ndani yake kijiji cha Kwedizinga kina maji yaliyochemshwa na vyoo vinavyotumika, na hakijafiwa na mtoto. Cheti nilipewa, nikapewa kazi, nikapanda vyeo. Zahanati ya Kwedizinga ilijengwa baadaye, na niliisukuma mimi nilipokuwa na cheo cha kuisukumia, na siku ya ufunguzi Bi Mwanamvua alipita mbele ya wageni wote akaniita Daktari Sifuri. Watu wakacheka, wakijua ni mtani. Aliniita hivyo maisha yake yote. Kila nilipokwenda kumsalimia, na nilikwenda kila mwaka, alinipigia kelele toka mbali, Daktari Sifuri, umekuja kuhesabu kuku? Nilicheka kila mara. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba hiyo ndiyo njia pekee tuliyokuwa nayo ya kulizungumza, na kwamba sifuri ile ilikuwa yake kama ilivyokuwa yangu. Alimtania mjukuu wake akamfuta, na mimi nikapiga mhuri. Tulifungwa pamoja humo, yeye na mimi, na kila mwaka tulionyeshana kamba.

Nilifika msibani saa sita. Nyumba ni ya tofali sasa, lakini mahali ni pale pale. Mwili ulikuwa umekwisha oshwa, jeneza liko tayari, wanaume wanangoja uani. Nikafanya kama mtani anavyofanya. Nikaketi chini kwenye kizingiti, kwa shida, magoti haya, nikanyoosha miguu kuziba mlango, nikatangaza kwamba hatoki mtu humu mpaka fomu yangu ikamilike. Watu wakaanza kucheka. Nikaitoa karatasi, nikavaa miwani, nikaanza kusoma kwa sauti majibu yake. La maji likawaangusha. La kuku wakashikana mabega, na wazee wengine walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja, kwa kuwa ilikuwa sauti yake hasa. Kisha nikafika swali la mwisho, nikaishusha karatasi. Nilikuwa nimejipanga kulisoma kwa mzaha. Sikuweza.

Zaina alikuja toka ndani, kitambaa cheusi kichwani, akapiga magoti upande wake wa kizingiti mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Yeye si kijana tena. Aliitazama karatasi, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye sifuri.

"Una kalamu?"

Nilikuwa nayo.

"Andika wawili," akasema. "Omari. Na yule wa korongoni ni Salehe. Mama alimpa jina siku ile ile. Alisema wewe usiambiwe mpaka uulize vizuri."

Nikaifuta sifuri kwa mstari mmoja, nikaandika mbili, na pembeni nikaandika Omari, nikaandika Salehe. Zaina alisubiri mpaka wino ukakauka. Kisha nikakunja miguu, na wakampitisha Bi Mwanamvua.